Chelewa kwa Makusudi: Ushauri wa Mcheza Gemu wa Siku Nyingi

Kila ifikapo mwezi wa tisa napata ujumbe ule ule kutoka kwa wadogo zangu wa mtaani: "Kaka, FC mpya imeshaingia Kariakoo? Bei gani?" FC ni lile gemu la mpira la kampuni ya EA, zamani likiitwa FIFA. Nami jibu langu halibadiliki: subiri Februari. Wengine wanaona nawabania, wengine wanasema nimezeeka. Huenda nimezeeka kweli, maana nilianza kushika padi enzi za zile mashine za Kichina za kaseti, ambazo kaseti yake imeandikwa ina magemu milioni na ushee, ukiichomeka unakuta magemu machache tu yanajirudia kwa majina tofauti. Lakini jibu langu halihusiani na umri. Linahusiana na jinsi biashara ya magemu inavyoendeshwa siku hizi, na mahali sisi wa Dar tulipokaa ndani yake.

Sisi ni watu wa kuchelewa tangu zamani. PlayStation 2 ilitoka Japani Machi 2000. Uswahilini ilikuja kushika kasi miaka mingi baadaye, wenzetu wa Ulaya wakiwa wameshahamia kwenye PS3. Banda la gemu la wakati huo lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mtu, televisheni mbili za kichogo, benchi la mbao, na kijana mwenye daftari anayehesabu mechi. Aliyefungwa analipa na kumpisha anayefuata. Padi moja nzima. Ya pili kitufe cha kukimbilia hukipati mpaka ukibonyeze kwa ukucha, na wenyeji walijua ipi ni ipi, kwa hiyo mgeni alipewa ile mbovu kwa heshima zote. Gemu lilikuwa Winning Eleven lenye mtangazaji wa Kijapani ambaye hakuna aliyemwelewa na kila mtu alimwiga. Ukichagua Inter kwa ajili ya mkwaju wa Adriano, ulizomewa hata kabla mpira haujaanza.

Tuliona aibu kuwa nyuma. Ukikutana na binamu aliyetoka Uingereza akakueleza alichonacho nyumbani, unajiona mshamba. Leo nikiangalia soko lilivyo, naona aliyekuwa anaibiwa ni binamu.

Nitaeleza kwa nini. Mwaka 2023 Microsoft, wenye mashine ya Xbox, walikuwa mahakamani San Francisco wakivutana na Tume ya Biashara ya Marekani juu ya kuinunua kampuni ya magemu ya Activision Blizzard. Sony, watengenezaji wa PlayStation, nao walipeleka nyaraka zao, tarakimu za siri zikiwa zimefutwa kwa makapeni nyeusi. Nyaraka zilipopigwa skana, tarakimu zikasomeka chini ya wino. Hivyo ndivyo dunia ilivyojua kuwa The Last of Us Part II liligharimu kama dola milioni 220 kulitengeneza, na Horizon Forbidden West milioni 212. Sasa piga hesabu za mfanyabiashara. Umezamisha hela ya namna hiyo miaka mitano au sita bila kuuza hata nakala moja. Siku gemu linatoka unataka hela irudi haraka, na unaitaka kutoka kwa wale wasioweza kusubiri. Ndiyo maana gemu kubwa lilipanda kutoka dola 60 hadi dola 70 kuanzia mwaka 2020, ambayo kwetu ni zaidi ya laki moja na nusu. Ndiyo maana unashawishiwa ulipie kabla halijatoka. Ndiyo maana kuna "toleo maalumu" la bei ya juu zaidi ambalo faida yake kubwa ni kukuruhusu ucheze siku tatu kabla ya wengine. Siku tatu! Mtu analipa elfu hamsini ya ziada ili awe wa kwanza kukutana na makosa ambayo hayajarekebishwa.

Na makosa yapo. Cyberpunk 2077 lilitoka tarehe 10 Desemba 2020. Kwenye PS4 ya kawaida, mashine ambayo wengi wetu ndiyo tunayo hadi leo, lilikuwa halichezeki: linakwama, watu wanapotea barabarani, linajizima lenyewe. Haikufika hata wiki mbili Sony wakaliondoa dukani kwao na kuanza kurudishia watu hela. Waliosubiri hadi Septemba 2023 walipata gemu jingine kabisa, limetengenezwa upya kwa toleo la 2.0, kwa bei iliyoshuka sana. Ila niseme ukweli wote: toleo hilo la 2.0 halikuja kwenye PS4. Kusubiri kunalipa kama mashine yako bado inahesabiwa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii. Gemu kubwa la kampuni kubwa nalinunua likishatimiza angalau miezi sita, na mashine nainunua ikishakuwa sokoni miaka kadhaa. FC yenyewe hutoka mwishoni mwa Septemba, na mwezi wa kumi na moja tu watengenezaji wenyewe wanaanza kuipunguza bei kwenye maduka ya onlaini. Ikifika Februari, Kariakoo kumejaa CD zake zilizotumika, za watu walioichoka au waliobanwa na ada ya shule Januari. Wachezaji wa Simba hawamo, wachezaji wa Yanga hawamo, hamna ulichokikosa.

Kuna rafiki atakuambia, "Lakini mimi nacheza Ultimate Team, nikichelewa nimeachwa." Hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Ultimate Team, ile sehemu ya kujikusanyia wachezaji wa timu yako, ilianza mwaka 2009 kama nyongeza tu ya FIFA. Leo ndiyo roho ya biashara. Unanunua pakiti, hujui ndani kuna nani, unafungua kwa mbwembwe za taa na fataki, unakuta beki wa akiba. Uwezekano wa kumpata mchezaji wa juu huwa umeandikwa pembeni, na wa wale wakubwa kabisa unasomeka chini ya asilimia 1. Hizi hazina tofauti na zile mashine za bonanza zinazomeza sarafu kwenye maduka ya uswahilini, ila bonanza huruhusiwi kucheza kabla ya miaka 18, na pakiti anafungua mtoto wa darasa la tano. Ubelgiji waliliona hilo mapema. Aprili 2018 tume yao ya michezo ya kubahatisha ilisema pakiti za namna hii ni kamari, na Januari 2019 EA wakaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo. Kwingineko wanaendelea. Ushauri wangu ni mkavu: cheza msimu wa kawaida, cheza na ndugu zako sebuleni, na pakiti utakazozipata kwa jasho zifungue. Usiweke hela. Na ukikuta umeshaanza kuweka, ondoa kadi kwenye akaunti leo hii, kwa sababu saa nne usiku baada ya kufungwa tatu bila, akili haifanyi kazi.

Wazazi wanaonisoma, hili linawahusu zaidi upande wa simu. Mama mmoja wa jirani alinishika mkono nje ya duka: "Hivi baba, almasi za kwenye simu ni nini? Mwanangu amemtumia mtu hela yangu ananunua almasi." Nikamwelekeza kuwa ni za kumvalisha mhusika wa gemu nguo na kumpa bunduki ya rangi. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama nguo hizo mtoto anaweza kuzivaa. Dawa yake ni ndogo: namba ya siri ya pesa za kwenye simu mtoto asiijue, na kama unapenda acheze, mpe kiasi kinachojulikana kwa mwezi, kikiisha kimeisha. Kumnyang'anya simu kabisa kunampeleka kucheza kwa jirani. Kuhusu uraibu, Shirika la Afya Duniani liliuweka kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 2019, lakini kipimo chao ni cha mtu ambaye gemu limemvunjia masomo, kazi na mahusiano kwa muda mrefu, kwa kawaida mwaka mzima. Mtoto anayegoma kuacha mechi ikiwa dakika ya themanini si mgonjwa. Ni mtoto.

Sasa kuna adui mmoja wa mtu anayechelewa, na lazima nimtaje: kuzimwa kwa seva, yaani zile kompyuta za kampuni zinazoliendesha gemu mtandaoni. The Crew, gemu la magari la Ubisoft la mwaka 2014, lilizimwa tarehe 31 Machi 2024. Hata uwe na CD yake halali, iliyofungwa kwenye boksi, ukiichomeka haiendi popote, kwa sababu gemu zima lilitegemea seva. Mmarekani mmoja, Ross Scott, akaanzisha kampeni iitwayo Stop Killing Games kudai kampuni ziache gemu likiwa linachezeka hata baada ya kulitelekeza, na mwaka 2025 wananchi wa Umoja wa Ulaya zaidi ya milioni moja walikuwa wameweka saini. Jimbo la California nalo limepitisha sheria kwamba anayekuuzia gemu la kupakua akuambie waziwazi kuwa unanunua ruhusa ya kulitumia, gemu lenyewe si lako. Concord la Sony ni kisa cha aibu zaidi: lilitoka tarehe 23 Agosti 2024, wakalizima tarehe 6 Septemba, hela zikarudishwa, na studio iliyolitengeneza ikafungwa mwezi uliofuata.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela kwa gemu la zamani, muulize mtu aliyekwisha kulicheza swali moja: linafunguka bila intaneti? Likifunguka, chelewa utakavyo. Lisipofunguka, ujue umekodi, na bei yake iwe bei ya kukodi.

Hapo napo ndipo ninapowaambia watu washike CD wakati bado zipo. PS5 ya kidijitali haina mahali pa kuingiza CD, na PS5 Pro ya mwaka 2024 inauzwa bila kisomeo cha CD, unakinunua pembeni. Muuzaji atakuambia ya kidijitali ni nafuu, na kweli ni nafuu siku ya kwanza. Lakini Dar uchumi wetu wa magemu ni wa kuzungusha. Unacheza God of War, ukimaliza unampelekea kijana wa dukani, unaongeza elfu kumi au ishirini, unaondoka na Spider-Man. Gemu la kupakua huwezi kulizungusha, na juu yake kuna bando: magemu mengi makubwa sasa yanavuka GB 100. Halafu kuna suala la akaunti. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network (PSN), huduma ya mtandaoni ya Sony. Akaunti zetu nyingi tumeziandikisha kama tunaishi Marekani au Uingereza, tunaziwekea hela kwa kadi za zawadi, na maisha yanaenda. Ila mnajua kilichotokea Mei 2024 kwa gemu la Helldivers 2: Sony walitaka wachezaji wote wa kompyuta wawe na akaunti ya PSN, gemu likaondolewa kuuzwa kwenye nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo. Wachezaji wakachachamaa, Sony wakarudi nyuma ndani ya siku chache. Mimi funzo nililobaki nalo ni kwamba maktaba yangu yote ya kupakua imekaa kwenye anwani ya nyumba ambayo sijawahi kuiona. CD iko kabatini.

Tuje kwenye kununua mashine yenyewe, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Nazungumzia PS4 iliyotumika, ambayo kwa mtu anayeanza bado naiona ndiyo yenye thamani kuliko zote: magemu yake ni mengi, CD zimejaa mitaani na mafundi wanaijua. Nenda Kariakoo mchana, umeme ukiwepo, na CD yako mfukoni. Usitumie ya muuzaji. Ingiza CD, itoe, ingiza tena. Mashine inayosita kuimeza au inayoitema yenyewe, kisomeo chake kinaumwa. Igeuze uangalie skrubu na stika zake. Niliwahi kumsindikiza mdogo wangu, muuzaji akasema, "Kaka, hii ya Dubai, haijaguswa na fundi hata siku moja." Nikamwomba niione upande wa nyuma, stika ya juu ya skrubu imechanika na skrubu yenyewe imekwanguka kichwa. "Sawa bosi wangu, na huyu aliyeikwangua alikuwa Dubai au hapa?" Akacheka, akashusha bei bila kuombwa. Kufunguliwa si dhambi, mashine inatakiwa isafishwe. Kinachotakiwa ni bei ya mashine iliyofunguliwa.

Washa tochi ya simu umulike tundu la HDMI, lile la waya unaokwenda kwenye televisheni. Vile vipini vyake vidogo viwe vimelala sambamba, na bati linalolizunguka lisiwe na alama za kuchomelea. Waya wa HDMI ukikanyagwa na watoto ndio huua tundu hilo, na kubadilisha ni kazi ya fundi mwenye mkono mwepesi. Kisha omba ucheze gemu zito kwa nusu saa. Anayekataa, mshukuru uondoke. Ndani ya nusu saa hiyo sikiliza feni: sauti ikipanda hadi ishindane na ya gemu, kuna vumbi na ile pasta ya joto kwenye prosesa imekauka. Inatibika, ila gharama yake ikatwe kwenye bei. Padi iweke mezani usiiguse. Mhusika akianza kutembea mwenyewe, analogi, kile kijiti cha kumtembezea, imekufa. Mwisho fungua mipangilio usome namba ya mfumo. Ikiwa ni ya zamani, kama 9.00 au 11.00, uliza sababu, kwa kuwa hizo ndizo zinazotafutwa na wanaozifungua kwa programu ili zicheze magemu ya kunakili. Mimi nimekulia kwenye CD za kuchoma za PS2 iliyochipiwa, kwa hiyo sitakuhubiria. Nakuambia tu unachonunua: mashine hiyo uichezee nje ya mtandao, kwa sababu ukiingia nayo onlaini Sony wanaweza kuifungia. Jaribu kuingia kwenye akaunti yako pale pale dukani kwa intaneti ya simu yako. Iliyokwisha kufungiwa itakataa mbele ya muuzaji, na mazungumzo yatakuwa mafupi.

Ukishaifikisha nyumbani, ilinde na umeme. Hatari kubwa ni pale umeme unaporudi, maana unaweza kuja na kishindo. Ukikatika, chomoa waya ukutani, acha taa zitulie, ndipo uchomeke. Vile vifaa vya kulindia friji, vinavyousubirisha umeme kidogo kabla ya kuupitisha, vinafaa na kwa mashine ya gemu. Usiilaze mashine kwenye hali ya kusinzia ukaenda kazini. Umeme ukikatika ikiwa inasinzia, unaweza kukuta data zimeharibika. Sevu zako za PS4 zinakili kwenye flashi kila baada ya muda, bure kabisa. Wanaokaa Kigamboni na Mbezi Beach wana kazi ya ziada: upepo wa chumvi unakula bati la ndani, kwa hiyo mashine ifunikwe kitambaa ikiwa imezimwa. Ikiwa imewashwa usiifunike hata kwa leso, joto la Dar linatosha.

Kama huna hela ya mashine lakini una laptop, hujakosa. Zile laptop za ofisini zilizotumika, zenye RAM ya GB 8 na kadi ya picha ya kawaida tu, zinaendesha vizuri Stardew Valley, gemu la kilimo lililotengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, kwa zaidi ya miaka minne akiwa peke yake, likatoka Februari 2016 kwa dola 15. Zinaendesha Hollow Knight la vijana watatu wa Australia. Fungua akaunti ya Epic Games Store, duka la magemu ya kompyuta mtandaoni: tangu Desemba 2018 wanagawa magemu bure, na kila Alhamisi wanabadilisha. Kulidai gemu hakuli bando la maana, unabonyeza tu linakuwa lako kwenye akaunti, unalipakua siku ukipata intaneti ya bure ya mahali. Steam, duka jingine la namna hiyo, nao wanarudisha hela kama umelicheza chini ya saa mbili na hazijapita siku 14. Watu wengi hapa hawajui hilo, wanang'ang'ana na gemu lisilofunguka kwenye kompyuta yao wakiamini hela imeshaliwa.

Kanuni ya kuchelewa nina sehemu moja ninayoivunja kwa hiari: studio ndogo. Gemu la dola 15 au 20 kutoka kwa watu wachache, likinivutia nalinunua wiki ile ile, kwa sababu wiki zile ndizo zinazoamua kama watapata kula. Aprili 2024 lilitoka Tales of Kenzera: Zau, limeongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliyelitunga kutokana na msiba wa baba yake na simulizi za Kibantu. Dola 20. Na unaweza kulicheza lote wahusika wakizungumza Kiswahili. Sijui nieleze vipi, mtu ambaye miaka yote nimeelekezwa kwa Kiingereza na kutangaziwa kwa Kijapani, kusikia bosi wa gemu, yule adui mkubwa, ananitishia kwa lugha ya nyumbani. Halikuja kwenye PS4, kwa hiyo sehemu kubwa ya Dar haikulionja, na mwaka huo huo studio ikapunguza wafanyakazi. Hilo nalo ni gemu ambalo lilihitaji watu wasichelewe.

Vijana wanaoniuliza kuhusu kufanya kazi kwenye tasnia hii nawaambia waijue ilivyo. Microsoft walimaliza kuinunua Activision Blizzard Oktoba 2023 kwa karibu dola bilioni 69, na Januari 2024 wakapunguza watu 1,900 kwenye idara ya magemu. Mwezi uliofuata Sony wakapunguza kama 900 na kuifunga studio yao ya London. Zamani kulikuwa na viongozi wa namna ya Satoru Iwata wa kampuni ya Nintendo, ambaye mwaka 2014, mashine yao ya Wii U ilipododa, alijikata nusu ya mshahara wake kwa miezi kadhaa. Siku hizi sioni wa kumwiga. Kwa hiyo jifunze Godot, programu ya kutengenezea magemu, ni bure na inaendeshwa na kompyuta dhaifu. Jifunze kuchora kwa 3D. Tengeneza kagemu kadogo kanakoisha kuliko kagemu kakubwa kasikoisha. Ujuzi huo huo unalipa kwenye matangazo na katuni hapa hapa mjini wakati unasubiri.

Limebaki swali la GTA VI, maana najua ndilo mlilokuja nalo. Watengenezaji wake, Rockstar, walisema 2025, wakasogeza hadi Mei 2026, wakasogeza tena hadi Novemba 2026, na limetangazwa kwa PS5 na Xbox Series tu. Mwenye PS4 asiuze mashine yake leo kwa bei ya kutupa kwa sababu ya trela. Kumbukeni GTA V: lilitoka Septemba 2013 kwa PS3 na Xbox 360, likauzwa tena kwa PS4 mwaka 2014, kwa kompyuta 2015, kwa PS5 mwaka 2022, na katikati ya hapo, Mei 2020, Epic wakaligawa bure kwa yeyote mwenye akaunti. Mimi hilo jipya nitalinunua kwa CD, la mkononi, mwenye nalo akishalichoka. Mtakaolimaliza mapema, tafadhali msiniandikie mwisho wake kwenye maoni.